Magurudumu Sita ya Muhamadi

Muhamadi wa mtaa wa Waswahili, pale Gisenyi kando ya ziwa, alianza kuendesha magari ya watu akiwa na miaka ishirini na miwili, na alipofika arobaini na minne bado alikuwa akiendesha magari ya watu. Piga hesabu mwenyewe. Nusu ya maisha yake aliambiwa washa, zima, rudi nyuma, osha tope hilo, na jioni akaenda kulala ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwingine. Baba yake alitoka Ujiji na mzigo wa mtu kichwani, akaoa hapa, akazeeka hapa, akafa hapa, na siku ya kuzikwa hakuacha hata baiskeli ya kurithiwa. Basi mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne Muhamadi alipopata kamyoneti yake mwenyewe, lori dogo kuukuu, rangi ya kijani iliyopauka, mlango wa abiria umefungwa kwa waya, usimcheke. Asubuhi alikuwa anaiamkia kamyoneti kabla ya kumwamkia mkewe. Saidati, huyo mkewe, ndiye aliyekuwa akisimulia hayo kwa majirani, na hakuwa akiyasimulia kwa furaha.

Ilikuwa na magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, na ilibeba magunia kumi ya viazi bila kulalamika sana. Kila Jumanne na Jumamosi Muhamadi alipanda nayo Cyanzarwe, juu kabisa mlimani, kuchukua viazi na maharage ya wanawake wa kule. Malori ya matajiri yalikuwa hayafiki huko. Yalisimama barabara kuu, yakapiga honi, na wanawake wakateremka na mizigo kichwani mwendo wa saa mbili, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokata nyayo kama chupa. Muhamadi alifika mpaka mlangoni kwa mtu. Alijua nani amefiwa, nani ana mtoto mwenye surua, nani amegombana na mama mkwe. Na mgonjwa akizidiwa, ni yeye aliyemteremsha hospitali ya mjini, hata kama si siku yake ya kupanda.

Sababu ya yeye kufika na wengine wasifike ilikuwa daraja. Kuna korongo kule, kavu wakati wa kiangazi, na mvua ikianza linapitisha maji ya mlimani yenye mawe ndani. Watu wa juu walichoka kulivuka kwa miguu, wakakata mikaratusi wenyewe, wakamwita Bizimana aichonge. Huyu Bizimana alikuwa seremala kijana wa kama miaka thelathini, mwenye mkono wa tezo ambao hata wazee waliunyamazia. Aliteremka na kamba ya mgomba, akapima kamyoneti ya Muhamadi: upana wa tairi, nafasi kati ya tairi na tairi. Kisha akalaza njia mbili za magogo, moja ya kulia na moja ya kushoto, kila moja imechongwa bapa juu, upana wa tairi moja na kiganja cha mkono, basi. Katikati palikuwa wazi, unaona maji chini. Hakuna aliyewaamuru kufanya kazi ile. Siku ile daraja lilipokwisha, walimwambia Muhamadi, hili ni lako. Mtu aliyeishi miaka ishirini na miwili kwa vitu vya wengine, ukimwambia neno kama hilo unamlevya.

Alivuka pale miaka miwili, na kuvuka kulikuwa na utaratibu wake. Abiria wote walishuka, wakapita kwa miguu kwenye ubao wa pembeni. Munyakazi, kaka yake Saidati, ambaye ndiye alikuwa mwenzake Muhamadi katika kazi, alitangulia mbele ya gari akitembea kinyumenyume, mikono juu, akimwelekeza kidogo kulia, kidogo kushoto, maana dereva kutoka kwenye kiti chake haoni gogo. Munyakazi alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Walifanya kazi pamoja bila kuzozana, na kwa mashemeji hilo si jambo dogo.

Sasa sikiliza mkosi ulivyoanza. Mnunuzi wa viazi, bwana mmoja mwenye ghala karibu na mpaka wa Goma, alimwita Muhamadi mwezi wa kumi wa mwaka hamsini na sita, akamwambia amechoka kupokea mzigo vipande vipande. Kuanzia msimu ule atapokea kwa mtu anayeleta magunia ishirini kwa safari moja. Asiyeweza, akae nyumbani. Kulikuwa na tajiri mwenye lori aliyekwisha kujitolea kuyachukua yote, mradi wanawake wayashushe wenyewe mpaka barabarani. Bwana yule hakugomba wala hakupandisha sauti. Alisema hivyo huku anasafisha miwani.

Muhamadi alitoka pale akipiga hesabu. Bila mnunuzi yule hakuna safari, na bila safari kamyoneti ni bati la kufugia kuku. Angerudi kule alikotoka, kugonga milango ya matajiri akiwa na mvi, kuuliza kama wanahitaji dereva. Saidati alimwambia chakula kiko tayari, akajibu ameshiba, na tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.

Alikwenda kwa fundi Twagirimana, chini ya kilima cha Nengo, mtu aliyejua magari kama mganga anavyojua mizizi. Twagirimana alizunguka kamyoneti, akalala chini, akainuka na nyasi kichwani, akasema kuna njia mbili. Ya kwanza, abaki na tairi moja moja nyuma, aongezewe springi zenye nguvu: atabeba magunia kumi na matatu, labda kumi na manne, na gari litabaki jembamba la kupita popote. Ya pili, nyuma ya karakana kulikuwa na ekseli ya kamyoneti iliyokufa, ya aina ile ile, yenye tairi mbili mbili kila upande. Yeye aliziita mapacha. Akiifunga ile, magunia ishirini yanapanda bila tabu.

Munyakazi aliyekuwa amechuchumaa kando akasema abaki na moja moja. Alitoa sababu zake polepole: mapacha yanabana jiwe katikati na jiwe linatafuna tairi, na njia yao ni mawe matupu. Kisha lile daraja halikuchongwa kwa mapacha. Afadhali wakamwombe bwana yule akubali magunia kumi na manne. Muhamadi akamwambia aende yeye akaombe, kama anadhani ni rahisi.

Twagirimana hakusikia neno la daraja, alikuwa amekwisha ingia ndani kutafuta spana. Alirudi akaeleza, na alieleza vizuri, mtu asije akamsingizia baadaye.

"Mapacha iko muzuri," alisema. "Muzigo inagawanyika. Lakini sikia: inagawanyika kama zote mbili zinakanyaga chini. Moja ikikosa chini, ile ingine inabeba yake na ya mwenzake. Bon, we unapita barabara gani?"

"Ya Cyanzarwe," Muhamadi akajibu.

Hakusema uongo. Alisema ukweli, akaukata mkia. Hapo ndipo mtu unatamani umshike shati umwambie sema basi, sema kuna daraja! Lakini moyo wake ulikwisha amua tangu kwenye ghala la yule bwana, na mtu aliyekwisha amua haendi kwa fundi kutafuta ushauri, anakwenda kutafuta ruhusa. Munyakazi alimtazama. Muhamadi akajifanya anatazama ziwa.

Siku tatu baadaye kamyoneti ilitoka karakana ikiwa na makalio mapana, na mtaa mzima ukatoka kuitazama. Wengine walimtania kwamba sasa ameoa mke wa pili. Kule juu Cyanzarwe ndio walifurahi zaidi. Wanawake waliizunguka, wakahesabu magurudumu kwa sauti, moja mpaka sita, wakapiga vigelegele. Bizimana mwenyewe alikuja, akapiga tairi kwa kiganja, akacheka peke yake kama mtu aliyepewa habari njema. Hakupima. Hakuna aliyemwomba apime, na yeye alidhani ni gari lile lile, limeongezewa nguvu tu.

Kupanda darajani gari likiwa tupu hakukuwa na neno. Kuteremka na magunia ishirini ndiko kulikokuwa na neno, na neno lenyewe Munyakazi aliliona siku ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mbele akitazama. Tairi ya ndani ilikanyaga gogo. Tairi ya nje ilizunguka hewani, juu ya maji, haigusi kitu. Mzigo ulikuwa umeongezeka mara mbili, na pale darajani, mahali pekee ambapo uzito ulikuwa na maana, wa kuubeba alikuwa mmoja kama zamani. Safari ya pili vile vile. Safari ya tatu alirudi nyuma, akapiga magoti, akapitisha kidole ukingoni mwa gogo.

"Shemeji," alisema, "gogo ya kushoto iko inaliwa kwa ndani. Tairi ya inje haifanye kazi yoyote hapa. Tupunguze magunia, ao tuambie Bizimana apanue."

Muhamadi alijibu kwa upole, kwa sababu alijua shemeji yake ana haki, na mtu anayejua hivyo ama hupiga kelele ama huwa mpole sana. Wakimwambia Bizimana, alisema, watu watafunga daraja wakate miti mipya, na hizo ni wiki tatu. Bwana wa ghala hatangoja wiki tatu. Wakipunguza magunia, hatapokea. Msimu ukiisha atawaambia yeye mwenyewe, na hata mbao atazileta kutoka mjini. Zilikuwa zimebaki safari nne. Safari nne ni nini?

Munyakazi akasema sawa. Na hilo sawa lake, baadaye, lilimla kama mchwa.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikapumzika mchana. Walikuwa wamekwisha pakia magunia ishirini, kamba zimefungwa, Muhamadi amekwisha washa gari, wakaona watu wanne wanakuja mbio na ngobyi mabegani, ile machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa. Nyuma yake alikuwa Bizimana, hana kofia, matope mpaka magotini. Ndani ya ngobyi alikuwa Mukantwari, mkewe. Uchungu ulikuwa umemshika tangu Jumapili na mtoto hatoki. Mkunga wa pale juu alikuwa ameinua mikono.

Muhamadi alizima gari, akashuka. Jambo la kufanya lilikuwa moja tu, na kila mtu aliyepata kubeba mgonjwa analijua: toa magunia, mlaze mwanamke, nenda. Munyakazi alikwisha fungua fundo la kwanza. Lakini kushusha magunia ishirini ni muda, na mvua ilikuwa inarudi, wingu limekaa juu ya mlima, na magunia yakibaki pale matopeni hakuna ghala wala bwana wa ghala. Yote haya yalimpitia Muhamadi kichwani kwa mara moja, na yalivyompitia yalikuwa yamevaa nguo za huruma. Alijiambia mwanamke huyu hana muda wa kungoja. Alisema waache, wamlaze juu ya magunia, watatandika nyasi na blanketi. Wakamlaza. Alikuwa ameuma kitambaa, macho wazi, na alimshukuru Muhamadi kwa kichwa kwa kuwa sauti haikuwepo.

Walipofika kwenye korongo maji yalikuwa yanavuma. Watu wakashuka, wakapita kwenye ubao. Munyakazi hakwenda mbele ya gari. Alikuja dirishani.

"Tumushushe," alisema. "Wanne wamubebe kwa ngobyi, wavuke naye kwa miguu. Tafadhali, shemeji."

Muhamadi alitazama nyuma. Mukantwari, baada ya kugaagaa njia nzima, alikuwa ametulia kidogo, amefumba macho. Bizimana alikuwa bado hajavuka, ameshika mkono wake. Yeye ndiye aliyesema, kwa Kinyarwanda, wasimguse, ndiyo kwanza amepata usingizi, na kwamba magogo yale ameyachonga kwa mkono wake na anayajua kama vidole vyake.

Hapo Muhamadi angeweza kusema. Neno lilikuwa moja: magogo yako hayakuchongwa kwa gari hili. Badala yake alimwambia Munyakazi, umesikia mwenyewe.

Munyakazi akaenda mbele, akainua mikono, akaanza kurudi kinyumenyume. Bizimana alipita kwenye ubao wa pembeni, sambamba na gari, macho kwa mkewe. Magurudumu ya mbele yalivuka. Yale ya nyuma yalifika katikati. Gogo la kushoto lilipasuka kwa urefu, upande ule wa ndani, na sehemu ya nyuma ya gari ikaketi chini, ikainamia kushoto. Kamba zikakatika na magunia yakateremka majini na Mukantwari, mengine juu yake.

Walikuwa watu kumi na wawili pale na kila mmoja aliruka majini. Walitupa magunia kando wakiwa wanaita jina lake. Lilipoondoka gunia la nane walimwona, na hakukuwa na haja ya kuharakisha tena. Mtoto naye alikufa tumboni. Muhamadi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, anamwambia Mungu maneno ambayo hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Bizimana alimpakata mkewe ukingoni, akamfuta matope usoni kwa kiganja, akarudia kumfuta, hata pale uso ulipokuwa safi.

Kamyoneti haikuvunjika. Hilo nalo lilikuwa la kumtia mtu wazimu. Watu sitini wa Cyanzarwe walikuja na kamba wakaivuta, siku mbili baada ya mazishi, wakati macho yao bado mekundu, na hakuna aliyemwambia Muhamadi neno baya. Mjumbe wa chifu alipanda kutazama gogo. Alilipiga teke, akasema mti ulikatwa ukiwa mchanga, au ulikaa na maji, na kwamba fundi ndiye wa kujua mti. Akaondoka. Neno hilo likazunguka mlima mzima kabla jua halijatua. Hawakumtukana Bizimana, si desturi yao kumtukana mfiwa. Ila aliyekuwa ameagiza mlango kwake alikwenda kuagiza kwingine, na waliokuwa wanangoja achonge mzinga wa nyuki wakasema wameghairi. Na yeye hakuuliza kwa nini.

Munyakazi alimwendea Muhamadi nyumbani, akakataa kuketi. Alisema neno moja: mwambie. Muhamadi akasema atamwambia. Juma la kwanza alisema ngoja watoke kwenye kilio. Juma la pili alisema ngoja apone homa, na kweli alikuwa na homa. Juma la tatu Munyakazi hakuja tena. Alikwenda ziwani, akaajiriwa kwenye mashua za uvuvi, na Saidati akabaki katikati, mume huku na kaka kule, akipika bila chumvi kwa sababu ya mawazo.

Usidhani Muhamadi alikuwa anastarehe. Akisimama kuswali, alikuwa anafika katikati ya sura aliyoijua tangu utotoni akaipoteza. Alijua kabisa kwamba mtu asiye na kosa anabeba kosa lake, na kwamba wa kumtua ni yeye, na kwa neno moja tu. Lakini neno hilo lingekwenda Cyanzarwe mlango kwa mlango, na wale waliomwambia daraja ni lako wangemwambia lisahau. Aliogopa kupoteza njia yake. Naomba jambo hilo tulitaje kwa jina lake, maana yeye mwenyewe aliliita aibu, na homa, na kungoja wakati mzuri.

Basi siku moja ya Alhamisi, asubuhi, Bizimana mwenyewe akabisha hodi mtaa wa Waswahili. Alikuwa amekonda, nguo zimemzidi. Mkononi alikuwa na kibuyu cha asali. Kwa watu wa kule, ukimkosea mtu unamwendea na pombe ya ndizi kuomba radhi, mnakunywa pamoja, yanakwisha. Alijua Mwislamu hanywi, ndiyo maana akaleta asali. Saidati alimkaribisha kwenye mkeka, akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia asiweze kwenda mbele wala nyuma.

Bizimana alizungumza Kinyarwanda, taratibu, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Alisema amekuja kuomba msamaha. Mti wake ulimuua mkewe, na hilo ni lake na Mungu. Lakini mti huo huo uliangusha gari la mzee Muhamadi, ambalo linalisha nyumba hii, na ambalo siku ile lilikuwa limembebea mgonjwa bure. Alikuwa na haya kuja mapema. Akasukuma kibuyu mbele kwa mikono miwili.

Muhamadi alikirudisha kibuyu kwake.

"Si mti wako," alisema. "Nisikilize, Bizimana. Mti wako ulikuwa mzima. Ni gari langu. Nilifunga tairi mbili mbili, na daraja ulilipima kwa tairi moja. Ile ya nje ilikuwa hewani. Nilipakia mara mbili, na Munyakazi aliniambia gogo linaliwa, nikakaa kimya. Mimi ndiye niliyemuua Mukantwari."

Alisema yote. Hakukata mkia safari hii. Nyuma ya pazia Saidati alishika mdomo.

Bizimana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa, na usoni mwake, Mungu wangu, kulikuwa na huruma.

"Mzee," alisema, "unataka kunitua mzigo, nakuona. Wewe ni mtu mwema. Lakini mimi si mtoto. Ngobyi ikibebwa na wanne, mabega yanauma. Ikibebwa na sita, wanaimba njiani. Wewe uliongeza wabebaji. Mimi ndiye niliyewawekea njia mbovu. Usijisingizie tena, tafadhali, unanipa haya."

Muhamadi alifungua kinywa kueleza upya. Alitaka kuchukua vijiti, amwonyeshe pale sakafuni: hili gogo, hii tairi, hii nyingine angalia iko wapi. Kulikuwa na vijiti vya kutosha uani, na ilikuwa asubuhi, siku bado ndefu, na Bizimana angeketi akatazama, maana alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa kipimo anaelewa. Ingemchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Muhamadi alijua hivyo. Akasikia ndani ya kifua kitu kinalegea, kitu kama mtu aliyeruhusiwa kuketi baada ya kusimama siku nyingi, na alipokitambua kwamba ni nafuu, alijichukia kuliko alivyopata kumchukia mtu yeyote. Akapokea kibuyu. Akasema asante.

Bizimana alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akaenda zake akiwa mwepesi kidogo kuliko alivyokuja. Saidati alitoka, akamtazama mumewe, akakichukua kibuyu, akakiweka juu ya kabati. Hakuna aliyekionja katika nyumba ile.

Watu wa Cyanzarwe walijenga daraja jipya mwezi wa pili. Muhamadi alitoa fikra kwamba njia ziwe pana, magogo matatu matatu kila upande, na wakamsifu kwa busara yake. Walimpa kazi seremala wa mlima mwingine. Bwana wa ghala naye alikuwa amesubiri, kumbe. Alipokea magunia ishirini kila Jumanne na Jumamosi, akaridhika, na yule tajiri mwenye lori akatafuta viazi kwingine. Muhamadi akabaki na kamyoneti yake na njia yake, yote aliyokuwa akiyaogopea. Alipanda peke yake, hana wa kumtangulia, hasalimii mtu sana.

Bizimana alibaki na jembe tu. Shamba lake lilikuwa juu kidogo ya korongo. Kila aliposikia mlio wa kamyoneti inateremka na mzigo, aliacha jembe, akashuka mbio mpaka chini, akaingia majini, akainama, akatazama magogo yote upande wa chini, moja moja, akiyagonga kwa ngumi. Muhamadi alingoja kwenye kiti chake, injini inanguruma. Kisha Bizimana alitoka, maji yanamchuruzika, akampungia mkono kwamba ni salama, apite.